Ufa Unaofunguliwa kwa Makusudi: Mabwawa ya Chumvi Yanaporudishiwa Bahari

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii humhimiza mtu kuishughulikia dosari ingali ndogo, kabla haijamgharimu zaidi. Hata hivyo, kusini mwa Ghuba ya San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, iko kazi ambayo kwa mtazamo wa haraka inaikaidi methali hiyo. Huko, tangu mwaka wa 2006, matuta ya udongo yaliyodumishwa kwa miongo mingi ili kuizuia bahari yamekuwa yakitobolewa kwa makusudi ili bahari ipite. Ufa hauzibwi bali unachimbwa kwa mashine, tena kwa gharama kubwa na baada ya miaka ya kupanga.

Makala haya yanadhamiria kueleza kazi hiyo ya kuyageuza mabwawa ya kiwanda cha chumvi kuwa tena vinamasi vya pwani. Kwanza yanaeleza jinsi mabwawa hayo yalivyotokea. Pili, yanaonyesha jinsi kinamasi kinavyozaliwa upya baada ya tuta kutobolewa. Tatu, yanajadili vikwazo vinavyoifanya kazi hii isiwe ya kubomoa tu. Hatimaye, yanaliangalia suala hili kwa jicho la Kiswahili, lugha iliyokulia pwani, na kulihusisha na mabwawa ya chumvi ya Magarini, kaskazini mwa Malindi.

Chumvi na Ukuta

Kinamasi cha pwani ni ardhi tambarare ya tope iliyoota majani, ambayo hufunikwa na maji bahari inapojaa na kufichuka inapokupwa. Katika nchi za joto ardhi ya namna hii humilikiwa na mikoko. San Francisco, kwa kuwa iko kwenye ukanda wa baridi zaidi, haina mikoko. Mahali pake pameshikwa na nyasi ndefu za majini pamoja na mimea mifupi yenye mashina manene yanayostahimili chumvi. Kazi zake ni zile zile: kuwapa hifadhi samaki wachanga, kuwalisha ndege, kuchuja maji na kuyavunja mawimbi nguvu kabla hayajaifikia nchi kavu.

Wenyeji wa asili wa eneo hilo, Waohlone, walikuwa wakikusanya chumvi iliyoganda yenyewe kando ya ghuba muda mrefu kabla ya wageni kufika. Utengenezaji wa chumvi kwa biashara ulianza katikati ya karne ya 19, kwenye vishamba vidogo vya familia vilivyozungushiwa matuta. Kadiri miaka ilivyosonga, vishamba hivyo vilimezwa na kampuni kubwa. Mnamo 1936 kampuni kadhaa ziliunganishwa na kuwa Leslie Salt, nayo Leslie ikanunuliwa na kampuni ya Cargill mwaka wa 1978. Kufikia wakati huo sehemu kubwa ya ukingo wa kusini mwa ghuba ilikuwa imegawanywa kwa matuta kuwa mabwawa. Ukichanganya hasara hiyo na ile iliyosababishwa na mashamba, miji na bandari, inakadiriwa kuwa ghuba nzima ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya vinamasi vyake vya asili.

Utengenezaji wenyewe hutegemea jua na upepo. Maji ya ghuba huingizwa katika bwawa la kwanza, yakaachwa yavukizwe, kisha yakahamishiwa bwawa la pili yakiwa na chumvi kali zaidi, na kuendelea hivyo hadi bwawa la mwisho. Safari hiyo huchukua takriban miaka mitano. Njiani, jasi hutangulia kuganda. Chumvi ya mezani hufuata katika mabwawa ya mwisho, ambako hukwanguliwa na kusafishwa. Yanayosalia ni maji mazito machungu yenye magnesi nyingi, ambayo ni sumu kwa viumbe wengi wa baharini yakimwagwa bila kuzimuliwa.

Rangi za mabwawa hayo huonekana hata na abiria wa ndege. Pale chumvi ilipo kidogo maji huwa kijani kwa sababu ya mwani, na pale ilipo kali sana huwa mekundu kwa sababu ya vijidudu visivyoogopa chumvi. Kwa hiyo, si kweli kuwa bwawa la chumvi ni mahame. Uduvi wadogo na nzi wa maji ya chumvi huzaana humo kwa wingi, na ndege wanaosafiri masafa marefu hushuka kuwala. Jambo hili ni la kuzingatiwa, kwani litarejea baadaye kama mojawapo ya vikwazo.

Ufa Unapofunguliwa

Mnamo 2003, Cargill iliiuzia serikali ya jimbo la California na serikali kuu ya Marekani ekari 16,500 za mabwawa na haki za kutengeneza chumvi kwa dola milioni 100. Fedha hizo zilitoka katika serikali hizo mbili na katika wakfu kadhaa za hisani. Kati ya ekari hizo, 15,100 ziko kusini mwa ghuba, katika maeneo matatu: Alviso, Ravenswood na Eden Landing. Ununuzi huo ulizaa mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani ya magharibi ya Marekani, mradi uliopangiwa kuchukua takriban miaka 50. Ikumbukwe kuwa kampuni haikuacha kabisa kazi yake. Baadhi ya mabwawa, hasa upande wa Newark, yaliendelea kutengeneza chumvi baada ya mauzo hayo.

Matuta ya kwanza yalitobolewa mwezi Machi 2006 katika mabwawa matatu ya Alviso yanayojulikana kwa namba A19, A20 na A21. Msomaji anaweza kudhani kuwa baada ya hapo wataalamu waliingia kupanda majani. Sivyo. Kazi kubwa ilifanywa na bahari yenyewe, na namna ilivyoifanya ndiyo kiini cha suala hili.

Kila maji yanapojaa, huingia kupitia kwenye ufa yakiwa yamebeba mashapo, yaani chembe za tope zinazoelea. Ndani ya bwawa maji hutulia, na yanapotulia chembe hizo hushuka chini. Maji yanapokupwa hutoka, lakini huacha nyuma sehemu ya mzigo wake. Katika Ghuba ya San Francisco maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Tabaka linaloachwa kila mara ni jembamba mno, lakini haba na haba hujaza kibaba. Sakafu ya bwawa huinuka. Wakati huo huo, nguvu ya maji yanayotoka huchimba vijito ndani ya tope, mara nyingi ikifuata mikondo ya zamani iliyokuwako kabla ya tuta kujengwa.

Sakafu inapofikia kimo ambacho haizami muda wote, mbegu zinazoletwa na maji yale yale hupata pa kushika. Nyasi ndefu hutangulia katika sehemu za chini, na mimea mifupi ya chumvi hufuata katika sehemu zilizoinuka. Mashina yao nayo huyapunguza maji mwendo na kunasa tope zaidi. Hivyo ardhi huleta mimea, na mimea huongeza ardhi. Katika mabwawa hayo matatu ya kwanza, tope lilijaa na mimea ikaanza kuota ndani ya miaka michache tu.

Hatua nyingine zilifuata. Bwawa A6 lilifunguliwa mnamo Desemba 2010, na mabwawa kadhaa ya Eden Landing mwaka wa 2011. Mwishoni mwa 2023, tuta la bwawa R4 katika Ravenswood lilitobolewa. Gharama nazo ziliwafikia wananchi wa kawaida: mnamo Juni 2016 wapiga kura wa kaunti tisa zinazoizunguka ghuba walikubali kutozwa dola 12 kwa mwaka kwa kila kiwanja, kwa miaka 20, ili kuchangia ufufuaji wa vinamasi na ulinzi wa pwani. Walioukubali ushuru huo waliamini kuwa kinamasi kina faida kwa nyumba zao pia.

Vikwazo: Kwa Nini Matuta Yote Hayabomolewi kwa Siku Moja

Iwapo bahari hufanya kazi yenyewe, kwa nini mradi umepangiwa nusu karne? Sababu ni nyingi, lakini nne zinatosha kulifafanua jambo hili.

(a) Ardhi imedidimia. Katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20, wakulima na miji ya Bonde la Santa Clara walichota maji mengi kutoka chini ya ardhi. Udongo uliopoteza maji ulishikana na kushuka. Katikati ya mji wa San José ardhi ilididimia takriban mita 4 kabla ya hali hiyo kudhibitiwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na eneo la Alviso nalo halikusalimika. Kwa hiyo, baadhi ya mabwawa yako chini sana ya kimo ambacho mimea inaweza kuota. Yakifunguliwa yote kwa pamoja, mashapo yaliyomo ghubani hayatatosha kuyajaza, na badala ya vinamasi yatapatikana maziwa ya maji ya chumvi. Kuongezeka kwa kina cha bahari kutokana na joto la dunia kumeyafanya mashindano haya kati ya tope na maji kuwa makali zaidi.

(b) Matuta ya chumvi yamegeuka kinga ya watu. Hayakujengwa kwa ajili ya kuzuia mafuriko, lakini nyuma yake imekua miji. Kulitoboa tuta la nje bila kuimarisha lililo karibu na makazi ni kuwahamishia wakaazi hatari. Kwa sababu hii, kila ufa upande wa bahari hupangwa sambamba na ulinzi upande wa nchi kavu. Hapa ndipo inapobainika kuwa methali haikukaidiwa kamwe: ili kuufungua ufa mmoja, ukuta mwingine lazima uwe imara.

(c) Zebaki. Juu ya Mto Guadalupe, unaomwaga maji yake Alviso, kulikuwa na machimbo ya New Almaden, yaliyotoa zebaki kwa wingi tangu katikati ya karne ya 19. Zebaki hiyo ilitumiwa kusafisha dhahabu ya California. Mabaki yake yalisukumwa na mto hadi kwenye tope la ghuba. Katika tope lisilo na hewa, vijidudu huweza kuigeuza zebaki kuwa sumu inayoingia kwa samaki na kupanda hadi kwa ndege na binadamu. Kwa hiyo, bwawa A8 halikutobolewa kama mengine. Mnamo 2011 lilifunguliwa kwa malango yanayoweza kupanuliwa au kufungwa, huku wanasayansi wakipima sumu katika samaki na mayai ya ndege kabla ya kuamua hatua inayofuata.

(d) Viumbe wenyewe hawakubaliani. Yupo panya mdogo apatikanaye katika vinamasi vya ghuba hiyo pekee, na yupo ndege wa jamii moja na kukuziwa ajengaye kiota chake katika nyasi zile. Wote wawili wamo hatarini kutoweka, nao wanahitaji kinamasi. Lakini yupo pia ndege mdogo wa ufuoni, naye pia analindwa na sheria, aliyezoea kutaga mayai juu ya sakafu kavu za mabwawa yaliyoachwa. Ongeza wale ndege wasafiri wanaokula uduvi wa maji ya chumvi kali. Kila bwawa linalogeuzwa kinamasi ni faida kwa hao na hasara kwa hawa.

Ndiyo maana mpango wa mradi haukutaja kiwango kimoja. Ulisema kuwa kati ya asilimia 50 na 90 ya mabwawa yatakuwa vinamasi, na yanayosalia yatatunzwa kama mabwawa kwa manufaa ya ndege. Kiwango kamili kitajulikana kwa kujaribu, kupima na kurekebisha. Katika bwawa SF2, kwa mfano, vilijengwa visiwa vidogo ili ndege wapate pa kutagia. Kwa ufupi, yale ya kale hayarudi yote, nayo mapya hayawezi kufutwa yote.

Suala la Istilahi: Kukarabati, Kufufua au Kurudishia?

Mwanafunzi wa Kiswahili atakayetaka kuielezea kazi hii atakabiliwa na uteuzi wa kitenzi. Uteuzi huo si mdogo, kwa kuwa kila kitenzi hubeba nadharia yake.

Kukarabati humweka fundi mbele. Gari hukarabatiwa, nyumba hukarabatiwa; kilichovunjika hubaki kimelala hadi fundi akitengeneze. Kinamasi hakikutengenezwa na fundi, wala fundi hawezi kukimaliza. Kufufua kunadokeza kuwa mahali palikuwa pamekufa, na tumeona kuwa bwawa la chumvi lina uhai wake. Kurejesha ndicho kitenzi kinachotumiwa zaidi katika maandishi ya mazingira, nacho kinafaa kwa matumizi ya kawaida. Hata hivyo, kinaweza kumfanya msomaji aamini kuwa kitu kile kile cha kale kitawekwa tena mahali pake kikiwa kamili.

Hapa kauli ya kutendea inatoa msaada. Tukisema kuwa watu wanaurudishia ukingo wa ghuba maji yake, au wanairudishia bahari ardhi yake, kiambishi cha kutendea kinamleta mnufaika ndani ya kitenzi. Binadamu hapewi sifa ya kukijenga kinamasi. Anapewa wajibu wa kurudisha kilichochukuliwa, na mwenye mali ndiye anayeendelea na kazi. Maelezo haya yanaafikiana na yaliyotokea katika mabwawa ya Alviso kuliko kitenzi cha fundi.

Aidha, Kiswahili hakihitaji kuazima msamiati mwingi ili kueleza mwendo wa maji. Kinatofautisha bamvua, wakati maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu nyingi, na maji mafu, wakati tofauti hiyo ni ndogo. Tofauti hii ni ya msingi katika uhandisi wa vinamasi, kwani sehemu za juu za kinamasi hufikiwa na maji ya bamvua pekee. Neno pwani lenyewe huhusishwa na kitenzi kupwa: ni mahali maji yanapokupwa. Kwa maana hiyo, ardhi iliyozungushiwa tuta isipwe wala isijae imeondolewa katika upwani wake hata kama bado iko kando ya bahari.

Magarini: Swali Lililo Karibu

Suala hili si la Marekani pekee. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka Magarini, katika Kaunti ya Kilifi, kwenye ukingo wa Ghuba ya Ungwana. Huko Gongoni, Ngomeni, Kurawa na Marereni, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa na kuachiwa jua kwa utaratibu unaofanana na ule ulioelezwa hapo juu. Viwanda hivi vimetoa ajira na bidhaa isiyokosekana jikoni. Vimezua pia malalamiko. Mnamo 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya uchunguzi wa hadhara kuhusu malalamiko ya wakaazi wa Magarini juu ya umilikaji wa ardhi, uharibifu wa mazingira na haki za watu, yakiwamo ya ukataji wa mikoko.

Pwani ya Kenya haikosi mfano wa kutia moyo. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, mikoko iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya kuni za viwanda ilianza kupandwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mnamo 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko na kutumia mapato kwa mahitaji ya jamii kama vile maji na elimu. Gazi, hata hivyo, haikuwa na matuta. Bahari iliendelea kuingia na kutoka. Bwawa la chumvi ni jambo tofauti. Miche ya mkoko, mchu au mkandaa ikipandwa ndani ya tuta lisilopitisha maji, itakauka. Mafunzo ya San Francisco yanaonyesha mpangilio unaofaa: maji kwanza, mimea baadaye. Pale maji yanapopita vyema na mikoko mama ipo karibu, miche huletwa na maji yenyewe.

Lipo funzo la pili, nalo linamhusu mwanafunzi wa lugha moja kwa moja. Wahandisi wa California waliamua mahali pa kutoboa matuta kwa kusoma, pamoja na mambo mengine, ramani za pwani zilizochorwa katika miaka ya 1850, ambazo zilionyesha kila hori na kijito kabla ya mabwawa kuenea. Bila ramani hizo wangekuwa wakikisia njia za maji. Ikiwa siku moja bwawa lolote la Magarini litafikia mwisho wa kazi yake, nani atajua hori zilipita wapi? Jibu limo katika majina ya mahali, katika istilahi za wavuvi na wakata mikoko, na katika masimulizi ya wazee wa Kigiriama na wa Kibajuni waliokuwa wakipita humo kwa mitumbwi. Majina hayo ni ramani. Yasipoandikwa wenyewe wakiwapo, hayataandikwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kuyageuza mabwawa ya chumvi kuwa vinamasi si kujenga wala si kubomoa tu. Ni kuchagua mahali pa kuachia, wakati wa kuachia na kiasi cha kuachia, kisha kumpisha mwenye kazi afanye kazi yake. Bahari hujenga kwa tope jembamba, mara mbili kwa siku. Wajibu wa binadamu ni kuhakikisha kuwa sumu imepimwa, jirani amelindwa, na kiumbe aliyezoea hali mpya hakusahaulika.

Imeelezwa pia kuwa kazi hiyo ina upande wa lugha. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu huandika tasnifu nyingi kuhusu riwaya, ushairi na sarufi, na ni vyema iwe hivyo. Lakini orodha ya majina ya hori kati ya Ngomeni na Marereni, pamoja na maelezo ya wenyeji kuhusu jinsi maji yalivyokuwa yakipanda na kushuka humo, ingekuwa tasnifu yenye manufaa kwa isimu na kwa pwani yenyewe. Chumvi huchukua miaka mitano kupatikana kutokana na maji, na kinamasi huchukua miongo kurudi. Kumbukumbu ya mzee haina muda mrefu hivyo wa kusubiri.